Dawa na Mkono Unaoitoa

Mwanafunzi mmoja wa darasa letu la mwisho, katika shule moja ya sekondari karibu na mji wa Masaka, alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu siku ile. Tulikuwa tukisoma tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, na tulikuwa tumefika katika habari ya maji ambayo watu waliamini yatawakinga na risasi za Wajerumani. Kijana yule akasimama, akasema: "Mwalimu, maji ni ya mto, na mto ni wa kila mtu. Kwa nini watu hawakujitekea wenyewe? Mtu asiye mganga akiyachota, huwa ni dawa au huwa ni maji tu?"

Wenzake walicheka, lakini sisi hatukucheka. Tulimwambia kwamba swali lake ni zuri na kwamba tutalijibu juma lifuatalo. Juma lile likapita, na mengine mengi yakapita, hata kijana mwenyewe akamaliza masomo akaenda zake. Makala haya ni jibu tulilochelewa kulitoa. Tunalitoa mbele ya walimu wenzetu kwa sababu, kama itakavyoonekana, kosa tutakalolisimulia humu lilikuwa kosa la mwalimu wa Kiswahili.

Tuanze na neno lenyewe, kwani ndiyo desturi yetu. Dawa katika Kiswahili ni kidonge cha hospitali. Ni mizizi ya kuchemsha. Ni dawa ya meno, dawa ya viatu na dawa ya kuulia wadudu shambani. Ni hirizi ya kuvutia wateja dukani, na ni kile alichokitia mke katika chakula ili mumewe asitoke usiku. Kadhalika Waganda husema eddagala kwa maana karibu zote hizo. Naye mganga ni nani? Ni yule mzee mwenye kibuyu, lakini pia daktari mkubwa kabisa katika wizara ya afya ya Tanzania huitwa Mganga Mkuu wa Serikali, wala hakuna aliyeona kwamba cheo hicho kinamvunjia heshima. Kwa Luganda omusawo ni huyo na ni yule vile vile. Lugha zetu hazikujali sana kumtenga mwenye dawa ya mizizi na mwenye dawa ya chupa. Zilichojali ni kumtenga anayeponya na anayedhuru, na ndiyo sababu kitenzi kuloga kinafahamika na Mswahili na Mganda bila ya mkalimani.

Katika hadithi nyingi za Ulaya mwenye uwezo wa ajabu huzaliwa nao, na asiyezaliwa nao hana la kufanya. Kwetu sivyo. Uganga hurithiwa, hufundishwa, hununuliwa kwa mbuzi na kwa miaka ya utumishi, au mtu huteuliwa na pepo au ndoto. Maana yake ni kwamba mtu yeyote aweza kuwa mganga, ila hawezi kujifanya mganga mwenyewe. Hana budi apewe. Watu wa pwani wana mfano ulio wazi, nao ni kombe. Mwalimu wa chuoni huandika aya za Kurani kwa wino wa zafarani juu ya sahani nyeupe, kisha huziosha kwa maji au kwa marashi ya waridi, na mgonjwa huyanywa yale maji. Zafarani huuzwa dukani, sahani ni ya jikoni, na aya zenyewe huenda zikawa zajulikana na mtoto aliyehitimu chuo juzi. Hata hivyo wengi hushikilia kwamba mwandishi awe na ijaza, yaani idhini ya mwalimu wake, ambaye naye aliipokea kwa mwalimu wake. Basi swali la yule kijana si la leo. Wazee walikwisha kuliuliza, na jibu lao lilikuwa kwamba dawa ina sehemu mbili: kile kilichomo katika chombo, na mkono unaokitoa.

Nalo neno kikombe, ambalo tutakutana nalo sasa hivi, si jingine ila ni kombe lililofanywa dogo kwa kiambishi ki-.

Mwanzoni mwa mwaka 2011 habari za kikombe zilivuka mpaka zikatufikia. Katika kijiji cha Samunge, huko Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, ambaye watu walimwita Babu, alikuwa akitoa kikombe kimoja cha dawa kwa shilingi 500 za Tanzania. Alisema kwamba ameoteshwa na Mungu. Dawa yake ilichemshwa kutokana na mizizi ya mti ambao wenyeji huuita mugariga, na ilisemekana kuwa inaponya ukimwi, kisukari, saratani na maradhi mengine sugu. Watu walikwenda kwa maelfu: wakulima kwa malori, wenye mali kwa helikopta, na mawaziri wakiwamo. Foleni ya magari ilinyoosha kilomita nyingi katika nchi kavu isiyo na maji wala vyoo vya kutosha, na magazeti yakaripoti makumi ya wagonjwa waliofariki kabla ya kukifikia hicho kikombe. Wataalamu wa serikali ya Tanzania walipoichunguza dawa walisema kwamba haina sumu kwa kiasi kile kilichonywewa. Kwamba inaponya, hilo halikuthibitishwa wakati ule wala baadaye. Babu mwenyewe alifariki mwaka 2021.

Nyumbani kwetu sisi ndio tuliokuwa mlango wa habari hizo. Watu wa ukoo wetu ni wakulima wa ndizi na kahawa, na Kiswahili walichokijua kilikuwa cha sokoni, pamoja na amri chache zilizoachwa na askari wa zamani, ambazo hawakupenda kuzikumbuka. Kwa miaka mingi ndugu zetu walikuwa wakituuliza, kwa upole na pengine kwa dhihaka, lugha ile tuliyoisomea ingetufaa nini. Sasa siku yake ilikuwa imefika. Kila jioni redio ya Tanzania ilipomaliza kusema, majirani walijaa uani kwa mama yetu wakingoja tuwaeleze kilichosemwa. Magazeti yaliletwa na makondakta wa mabasi ya Bukoba, nasi tukayasoma kwa sauti, sentensi moja kwa Kiswahili na tafsiri yake kwa Luganda. Twakiri kwamba tuliifurahia kazi ile. Haijapata kutokea kabla wala baada yake tukasikilizwa vile.

Mama yetu alikuwa na kisukari kwa mwaka wa nane. Alijidunga sindano ya insulini asubuhi na jioni, na kwa kuwa nyumba haikuwa na umeme, chupa zake alizihifadhi ndani ya mtungi uliowekwa katika mchanga uliolowanishwa maji, kama alivyofundishwa na wauguzi. Alikuwa amechoka na sindano. Hakulalamika, lakini tulimwona akiitazama ile sindano kila jioni kama mtu anayetazama mlima aliokwisha kuupanda jana.

Shangazi yetu ndiye aliyesema kwamba Mama apelekwe Samunge. Alihesabu nauli kupitia Mutukula, Bukoba na Mwanza, akahesabu na siku za kulala njiani, akaona kwamba hata kama ng'ombe wawili wangeuzwa fedha zisingetosha. Tena Mama miguu ilikuwa imevimba. Shauri likakwama hapo.

Ndipo sisi, kwa ujuzi wetu, tulipolikwamua. Gazeti moja lilikuwa limelitaja jina la kitaalamu la mugariga, Carissa edulis, nasi tukakumbuka kwamba katika maktaba ya shule kulikuwa na kitabu cha miti ya Uganda. Tulikwenda tukakifungua. Mti ule ni muyonza. Hakuna mtoto wa Buganda asiyeujua muyonza: ule mti wa miiba mikali ambao ukivunjwa tawi hutoa maziwa meupe, wenye maua ya kunukia na matunda madogo yanayogeuka kutoka wekundu hadi weusi, ambayo sote tumeyala tukitoka shule hata midomo ikashika rangi. Ua wote wa nyuma ya nyumba ya Mama ulikuwa muyonza. Tulirudi tukiwa na furaha ya mtu aliyegundua jambo, tukasema mbele ya wote: mti wa Babu ndio huu hapa.

Gazeti lile, hata hivyo, lilikuwa limesema neno jingine. Lilisema kwamba kwa maneno ya Babu mwenyewe dawa ile haifanyi kazi isipotolewa na mkono wake. Kwamba mtu akichimba mizizi ile ile na kuichemsha kwa maji yale yale, atakuwa amekunywa maji ya mizizi tu. Maneno hayo yalikuwapo, kwa Kiswahili safi kisichohitaji kamusi. Hatukuyatafsiri.

Tumejiuliza mara nyingi kwa nini. Hatukuyasahau. Tuliyaona kuwa ni ushirikina, au ni hila ya mtu anayelinda biashara yake, nasi tulikuwa watu waliosoma. Mti ukiwa na nguvu, tulifikiri, nguvu hiyo imo ndani ya mti. Haujui aliyeuchimba ni nani. Tukadhani tunawakinga ndugu zetu wasidanganywe. Tulichofanya hasa ni kuchukua maneno ya mtu mwingine, tukakata kipande tusichokipenda, tukatoa kilichobaki kana kwamba ndicho kizima.

Siku ya pili yake kaka yetu alichimba mizizi. Shangazi aliiosha, akaichemsha katika sufuria kubwa, akaipoza, akampa Mama kikombe kimoja, kwa sababu kimoja ndicho tulichokuwa tumewatajia. Mama akanywa, akasema ni chungu kidogo, akalala vizuri. Sisi tukarejea shuleni, kwani muhula ulikuwa umeanza. Hatukusema neno juu ya sindano. Ilikuwa dhahiri kwetu kwamba hataziacha, na jambo lililo dhahiri kwa mwalimu ndilo ambalo mara nyingi hasemi.

Siku ya tisa tuliitwa. Mama alikuwa akinywa maji bila kukoma, kisha akaanza kusema maneno yasiyofuatana, kisha akanyamaza. Jirani mwenye gari alitupeleka hospitali. Tulipopita chumbani kuchukua nguo zake tuliufunua ule mtungi, tukaikuta chupa moja ya insulini iliyotumiwa nusu, na nyingine mbili ambazo hazijafunguliwa.

Walimtundikia maji, wakampa insulini, na siku ya tatu alifumbua macho akatutambua. Muuguzi alimuuliza ameacha kujidunga tangu lini. Mama hakuwa mtu wa kulaumu. Alijibu swali kama lilivyoulizwa. Alisema: "Tangu mwanangu aliposoma kwamba mti wetu unaponya."

Tulikuwa tumesimama penye dirisha. Hatuna haja ya kueleza tulivyojisikia.

Alipona, akarudi nyumbani, akarudia sindano zake. Siku chache baadaye alifika mtu wa kijiji cha pili aliyetoka Samunge kwa miguu yake mwenyewe, naye akaisimulia habari yote, pamoja na lile sharti la mkono. Shangazi alipolisikia alikuja hadi shuleni kututafuta. Hakupandisha sauti. Alisema: "Mwanangu, ulijua?" Tukasema tulijua. Akasema: "Kama ungetuambia kwamba hakifanyi kazi ila mkononi mwake, nani kati yetu angethubutu kuchimba? Mimi nilichemsha kile kikombe. Mimi ndiye niliyempa wifi yangu." Kisha akaondoka. Ilichukua mwaka mzima kabla hajaketi tena nasi mezani kwa moyo mweupe.

Tangu siku ile tumelifikiri swali la dawa na mkono, na tungependa kuwaeleza wenzetu mahali tulipofika.

Kwanza, hapana shaka kwamba ziko dawa ambazo nguvu yake imo ndani ya mmea, nazo humtii yeyote azijuaye. Daktari mmoja wa Uingereza, William Withering, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1785 jinsi ambavyo, miaka kumi nyuma, aliombwa maoni juu ya dawa ya siri ya ukoo mmoja katika jimbo la Shropshire. Dawa hiyo ilikuwa imehifadhiwa na bibi kizee, aliyeweza pengine kuwaponya watu wenye uvimbe wa maji ambao madaktari walikuwa wamekwisha kuwakatia tamaa. Ndani yake mlikuwa na majani ya namna ishirini au zaidi. Withering alitambua kwamba linalofanya kazi ni moja tu, jani la mmea uitwao digitalisi. Akalijaribu kwa wagonjwa wake miaka mingi, na dawa itokayo katika mmea huo ingali inatumika kwa magonjwa ya moyo. Basi siri ya bibi yule ilitoka katika mkono wake ikaingia katika mkono mwingine, wala haikupoteza nguvu. Lakini tutazame na upande wa pili. Mmea ule ni sumu. Tofauti kati ya kiasi kinachoponya na kiasi kinachoua ni ndogo. Kazi kubwa ya Withering haikuwa kulitambua jani. Ilikuwa kutafuta ni kiasi gani, kwa nani, na lini kuacha. Huo nao ni mkono, ijapokuwa si mkono wa miujiza. Nalo jina la yule bibi Withering hakuliandika.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi sisi watu wa lugha. Mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, na mwaka 1969 bibi Tu Youyou akawekwa kuongoza kundi moja la watafiti wake. Kundi lake lilichunguza maandishi mengi ya waganga wa kale, na mmea mmoja, qinghao, ukawapa matumaini. Lakini kila walipourudia, nguvu yake mara ilionekana, mara ilipotea. Tu Youyou akarudi kusoma upya maandishi ya Ge Hong, mganga wa karne ya nne. Humo hamkusemwa kuchemsha. Mliagizwa kutwaa konzi ya majani, kuyaloweka katika maji, kuyakamua, na kuyanywa yale maji. Karibu kila mganga huchemsha, na kila msomaji alikuwa amekipita kitenzi kile bila kukiona. Yeye alikiona, akafikiri kwamba huenda moto ndio unaoiharibu dawa, akabadili njia, akaitoa dawa kwa kimiminika kinachochemka kwa joto dogo. Mnamo mwezi wa Oktoba 1971 sampuli yake ya 191 iliwamaliza vijidudu vya malaria katika panya wote. Mwaka uliofuata yeye na wenzake waliinywa wao wenyewe kwanza, ili kuhakikisha usalama wake, kabla ya kuwapa wagonjwa. Kutokana na kazi ile tumepata dawa mseto za malaria ambazo wengi wetu tumezimeza, na mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel.

Wenzetu walimu, tunaomba tutulie hapa kidogo. Mtu huyu hakuwa na ijaza ya Ge Hong, wala hakuoteshwa. Alichokuwa nacho ni usomaji wa makini. Alikipa kila kitenzi haki yake, na watu wasiohesabika wakaponyoka kaburini. Sisi nasi tulikuwa na andiko mbele yetu, tukaruka sentensi moja.

Pili, iko nguvu ambayo haimo katika mmea wala katika chombo, bali imo katika imani ya mgonjwa na katika uso wa anayempa. Nguvu hii si ya kudharauliwa. Mwaka 2010 watafiti wa Boston, Marekani, walitoa habari za wagonjwa 80 waliosumbuliwa na maumivu ya tumbo ya siku nyingi. Karibu nusu yao walipewa vidonge ambavyo havina dawa yoyote ndani, tena waliambiwa waziwazi kwamba havina dawa. Hata hivyo walipata nafuu kuliko wale ambao hawakupewa kidonge. Kwa hiyo mtu aweza kufaidika na kikombe kitupu, akipewa na mkono anaouamini. Mama alilala vizuri usiku ule aliokunywa muyonza, na usingizi wake haukuwa wa uongo. Lakini nguvu hiyo ina mpaka wake. Hupunguza maumivu, hutuliza moyo, huleta usingizi. Haiwezi kukaa mahali pa insulini katika mwili uliokosa insulini.

Ndiyo habari ya maji ya Kinjikitile Ngwale vile vile. Mzee yule wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani mwezi wa Agosti 1905, vita vilipokuwa vinaanza, na vita vyenyewe vikaendelea hadi mwaka 1907. Makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa, huanzia 75,000 hadi 300,000. Maji hayakugeuza risasi. Lakini yaliwaunganisha watu wa makabila mengi ambao kabla yake hawakuwa na jambo la pamoja, na muungano ule ulikuwa wa kweli kama risasi zilivyokuwa za kweli. Mtu akituuliza kama maji yale yalikuwa dawa, tutamuuliza naye: dawa ya nini?

Tatu, na hapa ndipo tulipojikwaa, masharti ni sehemu ya dawa. Zamani tuliyaona masharti ya waganga kuwa ni mapambo: usitazame nyuma, usile chumvi, usipokee kwa mkono wa kushoto, usimpe mwingine. Mengi pengine ni mapambo kweli. Lakini sharti la Babu la kwamba dawa haifanyi kazi ila mkononi mwake, liwe lilitoka mbinguni au lilitoka katika akili ya mzee, lilikuwa na kazi moja ambayo hatukuiona: liliwazuia watu wa mbali wasijichimbie mizizi na kujichemshia kila mtu jikoni mwake. Lilikuwa ua. Sisi tuliubomoa ule ua kwa jina la elimu, na mahali pake hatukujenga ua mwingine, hatukusema, "Kunyweni mkitaka, lakini sindano zisiachwe." Mwenye elimu akiondoa katazo la mganga bila ya kuweka katazo la daktari, amewaacha watu katikati ya njia, hawana hili wala lile.

Baada ya Mama kutoka hospitali kaka yetu alishika panga akataka kuufyeka ule ua wa muyonza wote. Mama alimzuia. Alisema: "Mti haukusema neno. Uache." Ukaachwa. Mama aliishi miaka sita tena, akajidunga sindano zake asubuhi na jioni, akafariki mwaka 2017 kwa ugonjwa mwingine. Wajukuu wake wangali wanachuma matunda ya ua ule wakitoka shule, na midomo yao hushika rangi kama ilivyoshika yetu.

Sasa tumjibu kijana wetu, popote alipo. Ulisema kwamba mto ni wa kila mtu, na hilo ni kweli. Kilichomo ndani ya mto au ndani ya mzizi, kama kipo, kitamtumikia yeyote atakayejua kiasi chake na namna yake, awe mganga au asiwe. Kama hakimo, hakuna mkono utakaokitia. Lakini asiyekuwa mganga akitaka kuchota, achote pamoja na maneno yote yaliyosemwa juu ya maji yale, yale anayoyaamini na yale asiyoyaamini. Na akimpa mwingine, amwambie yote. Hapo atakuwa ameuvaa ule mkono tuliokuwa tukiuzungumza, kwa maana ya mtu anayeweza kuulizwa: umempa nini, kiasi gani, na ulimwambia nini?

Katika madarasa yetu siku hizi tuna zoezi moja la tafsiri tunalolitoa kila mwaka. Tunawapa wanafunzi maelezo mafupi ya dawa, yenye sentensi sita, na moja katika hizo ni ya ajabu au ya kuchekesha. Wapo kila mara wanafunzi hodari watakaoiacha ile sentensi, kwa kuona kwamba haina maana. Hatuwakati alama. Tunawaita mmoja mmoja, tunawaomba waisome kwa sauti, kisha tunawauliza ni nani aliyewapa ruhusa ya kuiondoa.